Simu isilie ovyo: mwongozo wa kupunguza kelele za arifa bila kuwapotea watu

Nilikuwa nimetandika lesi ya mteja mezani, mita mbili na nusu, rangi ya maziwa, aliyoinunua Kariakoo kwa bei ambayo alinitajia kwa kunong'ona. Chaki nimeshapitisha, futi kamba iko shingoni, mkasi umeshaingia kwenye kitambaa. Simu ilikuwa pembeni, karibu na kikopo cha pini. Ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Ya tatu nikageuza jicho huku mkono ukiendelea kukata. Kumbe ni grupu la kamati ya harusi, mtu kaweka picha ya waridi yenye maandishi "Ijumaa njema wapendwa". Niliporudisha macho, kipande cha mbele nilikuwa nimekikata juu ya mstari wa kipimo chenyewe. Sikuacha hata nusu inchi ya mshono.

Lesi ile nililipa mimi. Mteja hakujua, na nikiwa na bahati hatasoma hapa.

Nashona Sinza, Dar es Salaam, magauni ya harusi na sendofu, na sehemu kubwa ya kazi yangu inaingia kwa simu: vipimo, picha za mishono, advansi, malalamiko. Kwa hiyo ushauri wa kwanza niliopewa, kwamba nizime kila kitu, niliuweza kwa siku nne tu. Nilihamishia laini kwenye kiswaswadu, simu kubwa nikaifungia kabatini. Siku ya pili nilijiona kama niko likizo. Siku ya tatu nikaanza kuwaza ni nani ananitafuta. Siku ya nne nikakutana na jirani kajifunga kanga ya msiba. Mama mkwe wake alikuwa amezikwa jana yake, taarifa ilitumwa kwenye grupu la mtaa, na upande wetu wa barabara ni mimi peke yangu ambaye sikufika.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili limepimwa. Mwaka 2019 kundi la watafiti, Kostadin Kushlev akiwa mmoja wao, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watumiaji wa simu. Waliopokea arifa zao kwa mafungu, mara tatu kwa siku, walikuwa na utulivu na umakini zaidi. Walionyimwa arifa kabisa walizidiwa na wasiwasi na hofu ya kupitwa. Nilipoisoma nilicheka peke yangu, maana ndiyo siku yangu ya tatu ile.

Kwetu simu imejaa watu kuliko programu. Kila mtetemo una jina la mtu nyuma yake, na kumnyamazia mtu si jambo jepesi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kupanga ni nani ana haki ya kuifanya simu yako ilie, ili wengine wakae barazani wakusubiri mpaka utoke.

Kwanza, hesabu siku moja bila kubadilisha kitu

Chagua siku yenye pilika, usichague Jumapili. Simu nyingi za Android zina sehemu ndani ya Mipangilio inayoonyesha umeitumia simu kwa muda gani. Ukiifungua, gusa pale palipoandikwa muda wa skrini, chagua ikuonyeshe idadi ya arifa. Kwenye iPhone fungua sehemu ya muda wa skrini, ingia kwenye shughuli zote, ushuke mpaka chini. Simu ndogo nyingine hazina kitu hicho. Basi chukua daftari, kila ikilia chora kijiti, kama karani anayehesabu magunia.

Ijumaa moja mimi nilipata 287. Zilizotoka kwa mtu aliyekuwa ananihitaji mimi, kwa jina langu, siku ile ile, zilikuwa 19.

Usiruke hatua hii hata kama unaona majibu unayo. Bila hesabu utazima kile kinachokuudhi ukaacha kile kinachokuchosha, na mara nyingi havifanani. Mimi niliapa kwamba wanaonichosha ni wateja. Daftari likasema wateja ni wachache, tena wanaandika mara moja na kunyamaza. Waliokuwa wananimaliza ni kamati mbili za harusi na grupu la niliosoma nao sekondari.

Kuna anayesema, "Mimi simu ikilia siiangalii, hainisumbui." Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida State walionyesha kwamba mlio au mtetemo peke yake unavuruga umakini, hata kwa mtu ambaye hakuigusa simu. Na miaka saba kabla yao, mtafiti Gloria Mark na wenzake walikuwa wameonyesha kitu ambacho fundi yeyote anakijua: mtu anayekatizwa katizwa humaliza kazi haraka zaidi, ila kwa gharama ya msongo na hasira. Ndivyo ilivyo. Ukishakatizwa unafidia kwa mwendo. Unakanyaga cherehani kama unakimbizwa, na jioni shingo imekaza huku ukijiuliza leo umefanya nini.

Pili, nyamazisha mashine

Hii ni kazi ya dakika ishirini na haina lawama, kwa sababu hakuna mtu wa kumuudhi. Programu ya mitandao inakuambia fulani ameposti baada ya muda mrefu. Mchezo wa mtoto unakuita urudi. Duka la mtandaoni lina punguzo. Programu ya hali ya hewa inakutangazia kwamba leo Dar kuna joto, habari ambayo umeshaipata mgongoni.

Njia rahisi ni kusubiri arifa yenyewe ije, kisha uibonyeze kwa muda bila kuachia. Simu itakupa nafasi ya kuifanya iwe ya kimya au kuizima moja kwa moja. Fanya hivyo kwa kila inayoingia kwa siku mbili, tatu, na kazi itakuwa imeisha bila kuhangaika ndani ya menyu.

Tahadhari moja. Programu ya benki au ya kutuma fedha usiizime yote. Tangu Android 8, iliyotoka 2017, programu inaweza kugawa arifa zake katika mafungu, ukazima fungu la matangazo ukaacha la miamala. Ujumbe wa fedha uache ulie, tena uupe mlio wake peke yake. Mimi wa kwangu ni kengele fupi. Nikiisikia najua advansi imeingia, na kwa kweli hiyo haijawahi kunipa msongo.

Zima pia kile kidoa chekundu chenye namba juu ya programu. Hakilii, lakini kinadai.

Meseji za promosheni za laini, za kubeti na za mikopo zinahitaji subira kidogo. Nyingi zina maelekezo ya kujitoa mwishoni. Yafuate, moja kila siku, mpaka zipungue. Zisizo na maelekezo, funga mtumaji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayompa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Zile za "ile hela tuma kwenye namba hii" usijibu hata kwa utani. Itume namba hiyo kwenda 15040, kisha ufute. Na kama una programu ya mkopo iliyoomba kusoma orodha yako ya majina, iondoe leo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila kibali. Aliyewahi kupigiwa simu na mdai wa shemeji yake anaelewa kwa nini nalitaja hapa.

Tatu, magrupu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu grupu lina mama mkubwa, mwenyekiti na mchungaji ndani yake.

Kwanza funga mlango. Ndani ya WhatsApp, kwenye mipangilio ya faragha, kuna sehemu ya makundi inayouliza nani anaruhusiwa kukuingiza. Ukiacha ilivyo, mtu yeyote mwenye namba yako anaweza. Chagua watu uliowahifadhi tu, au watu uliowahifadhi isipokuwa utakaowataja. Baada ya hapo, asiye na ruhusa akitaka kukuingiza itabidi akutumie mwaliko pembeni, na mwaliko huo unaisha muda wake baada ya siku tatu. Sijui ni kamati ngapi zimenikosa kwa njia hiyo, na sijasikia harusi yoyote iliyoahirishwa.

Kisha chukua karatasi, yagawe magrupu uliyonayo sasa.

Yale yenye jambo la leo: shule ya mtoto, wazazi na ndugu wa tumbo moja, kikoba siku ya mkutano. Haya yabandike juu, yaache yalie. Yasizidi matatu. Ukifika la nne umeanza kujidanganya.

Yale yenye heshima lakini hayana haraka: ukoo mzima, mtaa, jumuiya au msikiti, kamati zinazoendelea. Haya unayanyamazisha. WhatsApp inakupa chaguo la saa 8, wiki moja, au siku zote. Chagua siku zote. Hakuna anayejulishwa kwamba umenyamazisha, wala jina lako halitoki. Mtu akikutaja kwa alama ya @ au akijibu ujumbe wako, arifa inakufikia. Waambie kamati hivyo hivyo: mkinihitaji nitajeni. Utashangaa katika meseji 140 za siku moja umetajwa mara ngapi.

Yale yaliyokwisha: harusi ya mwaka juzi, mchango wa msiba uliofungwa, safari ambayo haikufanyika. Haya uyatoke. Tangu 2022 ukitoka hawatangaziwi wote, wanaoarifiwa ni maadmini tu, ingawa kwa siku 60 mwanakikundi anayetaka kuchungulia anaweza kuona majina ya waliotoka. Kama unaona haya kutoka kimyakimya, andika mstari mmoja: "Ndugu zangu, shughuli yetu ilikwenda vizuri, naomba niwaage hapa, tutaonana kwenye nyingine." Mara nyingi ukishaandika hivyo wengine kumi wanakufuata siku hiyo hiyo. Walikuwa wanasubiri mtu aanze.

Yanayobaki, yale ambayo huwezi kutoka wala huna haja ya kuyaona, yaweke kwenye kumbukumbu, ile Archive ya WhatsApp. Tangu 2021 kundi lililohifadhiwa huko linabaki huko hata likipokea ujumbe mpya. Nina shangazi mmoja ambaye grupu lake la maombi limehifadhiwa huko. Kila Jumapili jioni naingia, nasoma, naandika amina, natoka. Anasema mimi ni mwaminifu kuliko wanawe.

Ukiwa wewe ndiye admini, una dhambi ya kutubu. Mnajua orodha ya michango inavyokwenda: mtu anainakili yote, anaongeza jina lake namba 43, anairusha tena, wa 44 naye vivyo hivyo, wawili wakinakili kwa wakati mmoja, jina la mmoja linapotea na ugomvi unaanza. Mweka hazina mmoja tuliyekuwa naye kwenye kamati alibadilisha mipangilio ili maadmini tu ndio waandike, akawa anatoa orodha moja kila jioni saa mbili, na kufungua grupu Jumamosi kwa mjadala. Siku ya kwanza aliitwa dikteta. Kufika wiki ya tatu watu walikuwa wanalipa haraka zaidi, kwa sababu orodha ilionekana, haikufunikwa na "hongereni" sitini.

Mambo mawili ya mwisho hapa. Zuia picha na video zisijipakue zenyewe. Iko kwenye sehemu ya hifadhi na data. Bando litakushukuru, na yale maua ya asubuhi hayatajaza simu. Na zima tiki za bluu. Nilisita kwa hili, nikiona ni kama kujificha. Lakini tiki ya bluu ndiyo inayogeuza kusoma kuwa deni: ukishasoma, saa imeanza kuhesabu, na mwenzio anajua. Ukizima hutaona za wengine pia, na kwenye magrupu zitaendelea kuonekana, ila kwa mtu mmoja mmoja utaweza kusoma ukiwa kwenye daladala na kujibu ukiwa umetulia.

Nne, mlango wa dharura

Bila huu mlango hutaweza kuiacha simu kimya, utakuwa unaichungulia kila dakika kumi ukiwaza mama.

Mama yangu yuko Korogwe. Simu yake hukaa siku mbili bila chaji, na akinihitaji kweli anaazima ya kijana wa duka la dawa. Kwa hiyo ule ushauri wa kuweka nyota kwenye namba za watu muhimu, ili wapite hata simu ikiwa kimya, kwake unasaidia nusu tu. Dharura za kwetu huja kwa namba ngeni: ya jirani, ya mwalimu, ya dereva wa bodaboda aliyemwokota mtu barabarani.

Dawa yake ipo. Washa Usinisumbue, kile kitufe chenye duara na kistari katikati. Kwenye iPhone ni mwezi mchanga. Ndani ya mipangilio yake ruhusu watu wenye nyota, halafu hakikisha umeruhusu pia wanaorudia kupiga. Hapo namba yoyote ile, hata usiyoijua, ikipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inalia. Kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3.

Kisha waambie watu. Nilipokwenda Korogwe nilimwambia mama, "Mama, ukinihitaji haraka piga mara mbili zifuatane, simu yoyote ile. Meseji usitume." Akauliza, "Na nikiwa sina salio?" Nikamwambia abipu mara mbili, nitampigia mimi. Kubipu kunahesabika kama kupiga. Ya kwanza inakufa kimya, ya pili inapita. Sasa ukoo mzima unajua sheria ya mara mbili. Sisitiza wapige kwa laini ya kawaida, si kwa WhatsApp.

Ijaribu kabla hujaiamini. Azima simu ya mtu ambaye hayumo kwenye orodha yako, jipigie, kata, jipigie tena. Isipolia mara ya pili rudi kwenye mipangilio.

Tano, kama simu ndiyo duka lako

Mteja naye ni mtu wa kuheshimiwa, lakini mteja wa sendofu ya mwezi ujao hana haki sawa na wa kesho.

Nilihamia WhatsApp ya biashara, ile ya bure. Ina ujumbe wa kutokuwepo unaojituma wenyewe kwa saa ulizopanga. Wangu unasema: "Asante kwa kuwasiliana. Sasa hivi niko kwenye mkasi. Najibu meseji saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 11 jioni. Kama nguo yako ni ya leo au kesho, tafadhali nipigie." Taja saa kabisa. "Nitakujibu baadaye" haimtulizi mtu, inamfanya aandike tena.

Ina pia majibu ya haraka, ambayo unayaandika mara moja ukayaita kwa alama ya mkwaju. Mimi ninayo manne: vipimo ninavyohitaji na namna ya kupima nyonga, bei za kuanzia, namba ya kulipia advansi, na ramani ya kufika dukani. Yale mazungumzo ya meseji kumi na mbili kuhusu kiuno yamekuwa meseji mbili.

Nilipoteza mteja mmoja, siwafichi. Aliniandikia saa nne usiku, akapata ule ujumbe, akajibu "basi" na hakurudi. Wengine walizoea ndani ya wiki mbili, na mmoja alisema, "Kumbe fundi una ratiba!" kwa sauti ya mtu anayefikiria kunipa kazi kubwa zaidi.

Sita, saa za kutoka kwenda barazani

Mara tatu kwa siku inatosha watu wengi. Kushlev huyo huyo, akiwa na Elizabeth Dunn, mwaka 2015 walichapisha jaribio ambalo watu waliambiwa wasome barua pepe mara tatu tu kwa siku kwa wiki nzima. Msongo wao wa kila siku ulishuka. Kwa meseji mimi nafuata hizo hizo tatu nilizoziandikia wateja, nusu saa kila moja, nimekaa, nina chai. Sisomi nikiwa nimesimama. Ukisoma umesimama unasoma bila kujibu, na ujumbe uliosomwa ukaachwa unakaa kichwani kuliko ambao hujaufungua.

Anza na watu mmoja mmoja, kisha magrupu yaliyobandikwa, kisha yaliyonyamazishwa. Kwenye grupu lenye meseji mia mbili, shuka mpaka za mwisho ishirini. Kama kuna msiba au fedha utaliona. Voisi noti za dakika sita zisikilize kwa mwendo wa moja na nusu, isipokuwa za wazee. Za wazee zinahitaji mwendo wake, maana habari yenyewe huwa iko kwenye kituo kabla ya "lakini usimwambie mtu".

Kati ya dirisha moja la kusoma na jingine simu isikae mezani. Yangu inakaa kwenye droo ya vifungo, chini ya bitana. Droo ina kelele ikifunguliwa, na hiyo inatosha kunifanya nijiulize nataka nini humo.

Saba, usiku

Panga Usinisumbue ijiwashe yenyewe, kwangu saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Alamu italia kama kawaida, na mlango wa dharura uko wazi. Ukiweza, chaji simu sebuleni na ununue saa ya mezani. Walio kwenye chumba kimoja, kama nilivyokuwa mimi kwa miaka, waiweke juu ya kabati, mbali na mto. Anayeamka kwa ajili ya swala ya alfajiri akilazimika kuinuka kuizima huwa ameshaamka kweli.

Mume wangu ni mhasibu, na tatizo lake lilikuwa grupu la ofisini: bosi anaandika saa tano usiku, watu wanashindana kujibu. Ufaransa ina sheria ya haki ya kutopatikana baada ya kazi tangu Januari 2017, na Kenya Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa aina hiyo mwaka 2022. Mume wangu hakusubiri sheria. Alimwambia bosi wake mchana, ana kwa ana, kwamba jambo lisiloweza kungoja asubuhi apigiwe simu. Bosi akakubali kirahisi, kumbe alikuwa anaandika usiku ili asisahau tu. Tangu hapo amepigiwa mara mbili.

Utakachokisikia wiki ya kwanza

Utahisi simu inatetemeka mfukoni wakati haimo. Mimi niliisikia kwenye aproni, nikaipapasa, nikakuta chaki. Inapita. Utajikuta umefungua droo bila sababu, rudisha, usijisute. Kuna ndugu atakayesema umejidai, na huyo mpigie wewe, bila kungoja akutafute, dakika tano za sauti yako. Kwa kawaida lalamiko huishia hapo, kwa kuwa alichokitaka ni kusikika.

Usibadilishe yote siku moja. Mashine na mlango wa dharura zimalize wikiendi hii, magrupu wiki ijayo, madirisha na usiku wiki ya tatu. Rudia kuhesabu Ijumaa ya mwezi unaofuata. Mimi kutoka 287 nilifika 61, na mwezi Desemba, wa harusi, hupanda mpaka mia na kitu kisha hushuka.

Ukibadilisha simu, mengi ya haya utayapanga upya. Programu mpya pia. Kuanzia Android 13 nyingi zinaomba ruhusa kabla ya kuanza kukutumia arifa, kwa hiyo lile swali linalotokea ukifungua mara ya kwanza usilikubali kwa mazoea ya kidole.

Jana saa kumi na moja jioni nilikuta mwaliko wa grupu jipya, harusi ya binti wa jirani yule yule wa msiba. Huyo siwezi kumkosa tena. Nikaingia, nikaandika "Hongereni sana, niko pamoja nanyi, mkinihitaji nitajeni," nikalinyamazisha, nikarudi kwenye zipu.